Baiskeli Katika Barabara ya Kaisari

Kwa watu wengi baiskeli ni chombo cha kazi. Karani huipanda kwenda ofisini, mkulima huifungia debe la maziwa au gunia la mahindi, na ifikapo penye mwinuko mwenyewe hushuka akaisukuma, wala haoni haya, maana mlima ni mlima. Lakini kaskazini mwa nchi ya Italia, karibu na mpaka wa Uswisi, liko bonde moja liitwalo Valtellina, ambako watu husafiri kutoka pande zote za dunia kwa kusudi la kupanda milima kwa baiskeli pasipo kushuka. Hulipa nauli, hulipa hoteli, kisha hujitesa kwa hiari yao. Asikiaye habari hizi mara ya kwanza huweza kudhani kwamba ni wazimu wa watu wenye fedha nyingi na kazi chache. Sivyo hasa, kama habari za bonde lenyewe zitakavyoonyesha.

Valtellina ni bonde refu, zaidi ya kilometa 100 tangu mji mdogo wa Bormio hata Ziwa Como, na katikati yake hupita mto Adda. Kaskazini mwa mto milima huinuka mpaka kilele cha Bernina, chenye kimo cha meta 4,049, ambacho hakikosi barafu mwaka mzima. Kusini imesimama milima iitwayo Orobie. Mteremko wa kaskazini huelekea jua, na hapo ndipo wenyeji walipopanda mizabibu tangu kale. Ardhi yenyewe ni mwamba, tena imeinama kama paa la nyumba. Basi wazee wa hapo walijenga kuta za mawe bila saruji, ukuta juu ya ukuta, na nyuma ya kila ukuta wakajaza udongo walioupandisha kwa vikapu mgongoni. Kuta hizo zikiungwa pamoja, urefu wake wakadiriwa kuwa kilometa 2,500. Mkulima wa Machakos au wa Murang'a aliyepata kuchimba matuta shambani mwake hahitaji kuelezwa hiyo ni kazi ya namna gani. Wakati wa joto ng'ombe hupelekwa malisho ya juu milimani, na huko huko maziwa yao hufanywa jibini maarufu iitwayo Bitto. Hata hivyo maisha yalikuwa magumu siku zote, na vijana wengi wa bonde hilo walihama kwenda kutafuta kazi ugenini.

Barabara iliyolipatia bonde sifa haikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Siku zile baiskeli yenye pedeli ilikuwa haijabuniwa bado. Baada ya vita vya Napoleon, nchi ya Lombardia pamoja na Valtellina iliwekwa chini ya Kaisari wa Austria, naye alitaka njia ya kupitisha askari wake kutoka Tiroli kwenda Milano. Mhandisi Carlo Donegani alipewa kazi hiyo, akaitimiza kati ya mwaka 1820 na 1825. Njia yake huvuka mlima mahali paitwapo Stelvio, kwenye kimo cha meta 2,757. Upande wa mashariki, kutoka kijiji cha Prato, ina kona 48 za kujirudia, moja juu ya nyingine, hata mtu akisimama juu na kutazama chini huiona kama utepe uliokunjwakunjwa ukaachwa juu ya mwamba.

Kona hizo si mapambo. Farasi anayekokota gari hushindwa njia ikipanda moja kwa moja, kwa hiyo njia hurefushwa kwa kuzungushwa huku na huku mpaka ukali wake upungue. Kilichomfaa farasi wa Kaisari kikaja kumfaa mpanda baiskeli miaka zaidi ya mia baadaye. Kaisari mwenyewe hakufaidi muda mrefu, maana mwaka 1859 Lombardia ilimtoka mkononi yeye na jamaa zake. Katika Vita Kuu ya kwanza askari wa Italia na wa Austria walipigana katika theluji ya vilele vya hapo hapo, na vita vilipokwisha pande zote mbili za mlima zikawa za Italia.

Hesabu ya mlima

Kutoka Bormio mpaka juu ya Stelvio ni kilometa 21.5, na katika mwendo huo mtu huinuka zaidi ya meta 1,500. Maana yake, katika kila meta 100 barabara hupanda meta 7. Kwa macho si kitu cha kuogopesha, na motokaa hupita bila taabu. Lakini mpanda baiskeli ndiye injini na ndiye mzigo. Chukua baiskeli ya siku hizi ambayo gia yake ya mbele ina meno 34, na ya nyuma vile vile meno 34. Pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja, na baiskeli husogea mbele meta mbili na kidogo. Basi toka Bormio hata juu miguu haina budi kuzunguka zaidi ya mara 10,000. Katika njia ya tambarare mtu huweza kuacha kunyonga akajiendea kwa nguvu ya mwendo aliokwisha kuupata. Mlimani hakuna mkopo wa namna hiyo, maana mguu ukisimama, baiskeli husimama.

Hewa nayo ni jambo jingine. Kimo cha Stelvio, zaidi ya futi 9,000, ni karibu sawa na kimo cha Timboroa, mahali ambapo reli ya Kenya hupita juu mno. Hapo msukumo wa hewa umepungua kwa zaidi ya robo kuliko pwani, na pafu linalovuta pumzi kwa nguvu zote halipati lililozoea kupata. Aliyezaliwa chini kwenye joto huona kichwa kikizunguka.

Tena wengi husahau kwamba kila aliyepanda lazima ateremke. Anapopanda, mwili hutoa joto na jasho hulowesha nguo. Anapoteremka miguu haifanyi kazi, upepo hupiga nguo zile zile zilizolowa, na mikono ambayo yapaswa kushika breki hufa ganzi. Walioshindwa katika bonde hili, wengi wao hawakushindwa kupanda.

Coppi na Mswisi asiyelala

Mashindano makuu ya baiskeli ya nchi hiyo huitwa Giro d'Italia, nayo yalianza mwaka 1909. Huchukua muda wa majuma matatu hivi, na ushindi hauhesabiwi kwa siku moja. Muda ambao kila mtu ametumia kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo huvaa fulana ya rangi ya waridi. Mwaka 1953 njia ya mashindano ilipelekwa Stelvio kwa mara ya kwanza, siku moja tu kabla ya mwisho.

Aliyevaa fulana ya waridi siku hiyo, tarehe 1 Juni, alikuwa Mswisi Hugo Koblet, mtu mwenye nguvu na sura ya kupendeza, ambaye mwaka 1950 alikuwa mgeni wa kwanza kushinda Giro. Nyuma yake kwa dakika 1 na sekunde 59 alikuwa Fausto Coppi. Huyu alikuwa mtoto wa wakulima wa kijiji cha Castellania, na ujana wake ulianzia katika duka la nyama, akipeleka mizigo ya wateja kwa baiskeli. Vita vilimpeleka Afrika ya Kaskazini akiwa askari, na mwaka 1943 alitekwa na Waingereza katika nchi ya Tunisia. Sasa alikuwa na miaka 33, amekwisha kushinda Giro mara nne, na watu walianza kusema kwamba siku zake zimepita.

Yasimuliwa kwamba asubuhi ile mjini Bolzano rafiki na msaidizi wa Coppi, jina lake Ettore Milano, alimwendea Koblet kana kwamba ataka kupiga picha naye, akamwomba avue miwani yake nyeusi. Alipoivua, Milano aliona macho mekundu ya mtu ambaye hakulala usiku. Habari zikamfikia Coppi. Pengine hadithi hii imeongezwa chumvi kwa kusimuliwa mara nyingi, lakini yaliyotokea barabarani hayana chumvi. Zilipobaki kama kilometa 11 kufika juu, Coppi aliondoka peke yake katikati ya kuta za theluji. Koblet hakuweza kumfuata. Katika kuteremka alijaribu kuurudisha muda aliopoteza, akaanguka. Coppi aliingia Bormio akiwa mbele yake kwa dakika 3 na sekunde 28. Toa zile dakika 1 na sekunde 59, na Coppi alikuwa mshindi wa Giro kwa dakika 1 na sekunde 29. Ulikuwa ushindi wake wa tano, nao ndio wa mwisho.

Mwisho wa maisha yake wagusa Afrika. Mwezi wa Desemba 1959 alialikwa pamoja na waendesha baiskeli wengine wa Ulaya kwenda Upper Volta, nchi ambayo siku hizi huitwa Burkina Faso, kwa mashindano na kuwinda. Aliporudi kwao alishikwa na homa kali, na madaktari waliomtibu hawakuitambua. Mwenzake wa safari, Mfaransa Raphaël Géminiani, naye alishikwa na homa ile ile, lakini kwao Ufaransa iligunduliwa kuwa ni malaria, akapewa dawa, akapona. Coppi alikufa tarehe 2 Januari 1960, akiwa na miaka 40, kwa ugonjwa ambao mtumishi wa zahanati yoyote ya Kisumu au Malindi angaliushuku kabla ya mgonjwa kuketi. Tangu mwaka 1965 mahali palipo juu kuliko pote katika njia ya Giro ya kila mwaka hupewa jina lake, Cima Coppi, yaani kilele cha Coppi. Stelvio inapokuwamo katika safari, haishindwi na kilele kingine.

Theluji ya Gavia

Kutoka Bormio kuna njia nyingine ielekeayo kusini, ya kupita mlima Gavia, kwenye kimo cha meta 2,621. Njia hii ni nyembamba kuliko ya Kaisari, na zamani sehemu zake kubwa zilikuwa za udongo na changarawe. Mwaka 1988 Giro ilipangiwa kuipita tarehe 5 Juni. Wenyeji wa Valtellina walikuwa na hamu kubwa ya kuona wageni, maana mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa msiba. Mvua kubwa ya Julai 1987 ilifurisha mito, na tarehe 28 ya mwezi huo ubavu mzima wa mlima katika Val Pola, kusini kidogo mwa Bormio, ulivunjika na kuanguka bondeni. Mawe na udongo wa kiasi cha meta za mraba-tatu milioni 40 ulifukia kijiji cha Sant'Antonio Morignone, ukaziba mto Adda na kukata barabara. Watu wengi walikufa. Kwa hiyo mwaka mmoja haujatimia, fulana ya waridi ilikuwa inarudi Bormio.

Asubuhi ilikuwa mvua chini, na habari zilifika kwamba juu ni theluji. Mkuu wa mashindano, Vincenzo Torriani, aliamua kwamba safari itaendelea. Timu moja ya Wamarekani ilikuwa imejitayarisha. Wakuu wake walikwenda madukani wakanunua glavu nene na nguo za watu wachezao katika theluji, wakawapaka vijana wao mafuta mwilini ili maji yasiingie, na karibu na kilele wakaweka mtu wa kuwapa nguo kavu na chai ya moto. Mmoja wa vijana hao alikuwa Andy Hampsten. Kazi ya kununua glavu haina sifa, wala haiandikwi katika magazeti siku ya kabla ya mashindano, lakini siku hiyo ilikuwa na thamani kuliko mguu wa mtu yeyote.

Wa kwanza kufika juu hakuwa Hampsten. Alikuwa Mholanzi Johan van der Velde, mpanda milima hodari, amevaa fulana ya mikono mifupi, bila glavu. Alianza kuteremka, na baada ya mwendo mfupi mwili ulikataa. Alisimama akatafuta mahali pa kujipasha moto, na alipofika Bormio alikuwa amechelewa kwa karibu dakika 47. Wengine waliingia katika motokaa za timu zao wakitetemeka, na wengine breki na gia zao ziliganda. Franco Chioccioli, Mwitalia aliyekuwa akiongoza mashindano, alipoteza dakika nyingi na fulana pia. Mholanzi mwingine, Erik Breukink, alimpita Hampsten karibu na mji, akaishinda siku hiyo kwa sekunde 7. Lakini fulana ya waridi ikamwendea Hampsten, na hakuivua tena. Mashindano yalipokwisha alikuwa amemshinda Breukink kwa dakika 1 na sekunde 43, akawa Mmarekani wa kwanza kutwaa Giro.

Tarehe 5 Juni ni tarehe ya ajabu katika bonde hili. Mwaka 1994, siku hiyo hiyo, kijana mwembamba wa miaka 24, Marco Pantani, aliwaacha wakubwa wote katika mlima Mortirolo. Mlima huo ni mfupi kuliko Stelvio, lakini ni mkali kupita kiasi. Kutoka kijiji cha Mazzo ni kilometa 12 na nusu hivi, na barabara hupanda zaidi ya meta 10 katika kila meta 100, na mahali pengine meta 18. Hapo hata mashujaa hunyonga kama watu wanaozunguka jiwe la kusagia. Miongoni mwa walioachwa alikuwamo Mhispania Miguel Indurain, aliyekuwa ameshinda Giro mbili mfululizo. Pantani alimaliza wa pili mwaka ule, na mwaka 1998 alishinda Giro na Tour de France pamoja. Italia nzima ilimpenda.

Tarehe 5 Juni 1999 alikuwa akiongoza kwa mbali, na njia ya siku hiyo ilikuwa ipite tena Gavia na Mortirolo. Watu walikwisha kujaa kando ya barabara. Asubuhi mapema madaktari walipima damu yake katika mji wa Madonna di Campiglio, wakaona chembe nyekundu zimepita kiasi cha sehemu 50 katika 100 kilichowekwa na kanuni. Damu ya namna hiyo hubeba hewa nyingi zaidi misulini, na siku zile zilikuwako dawa za kuifanya iwe hivyo. Kanuni haikumhukumu kuwa mwizi. Ilisema tu kwamba apumzike siku 15 kwa ajili ya afya yake. Lakini Pantani aliondolewa mashindanoni, na moyo wake haukupona kamwe. Alikufa peke yake hotelini mjini Rimini tarehe 14 Februari 2004, akiwa na miaka 34. Kando ya barabara ya Mortirolo imesimamishwa sanamu yake. Wapitao huitazama kwa heshima na huzuni pamoja, na ni haki yao kuwa na vyote viwili, kwa kuwa siku zile wengi walioshindana naye hawakuwa safi kuliko yeye.

Kenya nayo ina sehemu yake ndogo katika historia ya Giro. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kushindana kwa baiskeli pamoja na vijana wa David Kinjah katika vilima vya Kikuyu, na mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Baadaye aliandikishwa upande wa Uingereza. Mwaka 2018 alishinda Giro kwa sekunde 46, baada ya kupanda peke yake barabara ya changarawe ya Colle delle Finestre na kuendelea mbele ya wenzake wote kwa kilometa 80. Njia ya mwaka huo haikupita Valtellina, lakini mapafu yaliyokuzwa katika kimo cha Kikuyu hayangaliona hewa ya Stelvio kuwa ngeni.

Mashindano hupita kwa siku moja, tena si kila mwaka. Siku nyingine zote za kiangazi bonde ni la watu wa kawaida, yaani walimu, maseremala, wazee waliostaafu, akina mama, na vijana walioweka akiba mwaka mzima. Wenye hoteli wametenga vyumba vya kufungia baiskeli na zana za kuzitengeneza, na mkulima mwenye jibini na mvinyo amepata mnunuzi mlangoni pake. Lipo jambo moja linalowaudhi wote, nalo ni kelele na moshi wa pikipiki na motokaa zijazanazo katika kona zile zile. Kwa sababu hiyo wakuu wa mahali wameweka siku kadhaa za kuifunga barabara kwa kila chombo chenye injini, ili wapandao kwa miguu yao wapite kwa amani. Siku hizo mlima huwa kimya, na husikika minyororo tu, na pumzi za watu. Wengi hutumia saa mbili au tatu kufika juu kutoka Bormio, na wako wanaoshuka mara kadhaa kuusukuma mwendo uliobaki. Theluji kubwa ya kwanza ikianguka, ambayo mara nyingi huja kabla ya Desemba, malango hufungwa, na barabara ya Kaisari hukaa bila mtu hata mwezi wa Mei au Juni, mashine zinapokuja kuichimbua.